Utengamao wa fikra kwa wenye MS, Tanga: shajara ya mradi kutoka kaskazi hadi kipupwe

Januari, kabla ya kuanza

Chumba kimepatikana: darasa la chekechea Chumbageni, ambalo hukaa tupu asubuhi kabla watoto hawajaingia. Viti vyao ni vifupi mno, tumeazima vya plastiki kwa jirani anayekodisha vya harusi. Mlango unapitisha kiti cha magurudumu. Choo kiko usawa wa sakafu, hakina ngazi. Ukialika watu wa MS, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, anza na choo, mengine yatafuata. Kibofu chao hakina subira.

Kikundi ni kidogo na kitabaki kidogo. Maltipo sklerosisi, ambayo sote tunaiita MS, inao watu karibu milioni 3 duniani, lakini huku karibu na ikweta ni adimu ukilinganisha na Ulaya ya kaskazini au Kanada. Uadimu huo ndio uliowatesa wenzetu hawa. Wengi walizungushwa miaka kabla ya kupigwa picha ya MRI Dar es Salaam. Kuna aliyeanzia kwa mganga, kuna aliyeombewa hadi usiku wa manane, na mmoja alitibiwa kiharusi ambacho hakuwa nacho.

Siandiki jina la mtu humu. Nitawaita kwa shughuli zao: Mwalimu, mstaafu, Fundi, mshona nguo wa Ngamiani, Kijana wa mnada, wa soko la samaki la Deep Sea, na Mama wa Pongwe, ambaye haji bila mumewe. Wapo wengine wanaokuja na kupotea. Mmoja hana MS, ana nyuromaielitisi optika, inayoshambulia neva za macho na uti wa mgongo. Ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa aina ya MS mpaka kingamwili inayousababisha ilipogunduliwa mwaka 2004. Tatizo lake la umakini linafanana na la wenzake, kwa hiyo tumempa kiti.

Kazi yenyewe ni utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kuendesha maisha yake: kila mshiriki atachagua jambo moja la maisha yake ya kila siku linalomshinda kwa sababu ya fikra, si kwa sababu ya miguu. Tutalishughulikia hilo hadi kipupwe kiingie. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi. Daktari wao anabaki na dawa, sisi tunashika yanayobaki baada ya dawa.

Januari, mikutano ya mwanzo

Kila mtu kaja na neno lile lile, kusahau. Mke anasema mume anasahau, bosi anasema mfanyakazi anasahau, na mgonjwa mwenyewe ameshakubali. Mwalimu peke yake ndiye aliyekataa. Nilikuwa nikieleza ratiba ya kikundi, aliniacha nimalize, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sisahau. Nyie mnaongea kama mnafukuzwa."

Nimeliandika hilo ubaoni na halijafutwa, kwa sababu ndiyo sayansi yenyewe. Katika MS, kinga ya mwili inashambulia mielini, ganda la mafuta linalozifunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka, ujumbe unachelewa njiani. Ndiyo maana kitu cha kwanza kuguswa katika fikra huwa ni kasi ya kupokea na kuchakata taarifa. Kujifunza jambo jipya, kugawa umakini na kupanga mambo huyumba pia. Ila mtu akipewa marudio ya kutosha mpaka jambo limkae, baadaye hulikumbuka karibu sawa na mwenzake mzima. Tafiti zimelionyesha hilo tangu miaka ya 1990. Mzigo unakwama mlangoni. Ukishaingia ghalani, mara nyingi uko salama.

Ushahidi tunao humu humu. Mwalimu anaghani beti za utenzi aliofundishwa utotoni bila kukwama, halafu anauliza mkutano ujao ni siku gani. Watu wanamcheka. Yeye mwenyewe anacheka zaidi.

Kinachonikera ni jinsi jambo hili lilivyopuuzwa. Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu Paris mwaka 1868, alisema katika mihadhara yake kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake hudhoofika na mawazo yao huja polepole. Ikapita karibu karne nzima, macho ya matabibu yakiwa kwenye miguu. Hata mizani ya EDSS ya mwaka 1983, inayotumika mpaka leo kupima ulemavu wa MS, sehemu yake kubwa inategemea mtu anatembea umbali gani. Kijana wa mnada anatembea vizuri. Kwa mizani hiyo hana shida kubwa, na kazi yake imemponyoka. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 40 na 65 ya watu wenye MS wana tatizo la fikra la kiwango fulani.

Mwisho wa Januari

Joto. Tulianza saa nne asubuhi, na kufikia saa tano watu wanakodoa macho tu. Umeme ukakatika, feni ikasimama, Mama wa Pongwe akashindwa kutaja jina la mtoto wake wa pili. Mumewe akadhani ni shambulio jipya la ugonjwa.

Halikuwa shambulio. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alilieleza hili mwaka 1890: mgonjwa wa MS akifanya mazoezi ya mwili, kuona kunafifia, na akipumzika kunarudi; baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni joto la mwili. Neva iliyochubuka mielini haivumilii hata ongezeko dogo la joto. Fikra nazo hupungua kwa njia hiyo hiyo. Tulimpeleka barazani kwenye upepo, kitambaa chenye maji shingoni, maji ya mtungi ya kunywa, na kabla ya adhuhuri alikuwa akitutania. Tumemweleza mumewe tofauti: dalili inayokuja na joto na kuondoka na baridi, subiri; dalili mpya inayodumu zaidi ya siku nzima bila homa wala joto, nenda hospitali.

Saa imebadilishwa. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi na kumaliza kabla ya saa tatu. Vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi vinalitaja joto kwa aya moja. Mtu akiandika mwongozo wa pwani yetu, joto liwe sura ya kwanza.

Februari

Kabla ya mazoezi yoyote, tumewapitia mmoja mmoja kwa mambo yanayoiba fikra na yanayotibika. Usingizi: Kijana anaamka kila mara kukojoa. Huzuni: sonona huwapata wengi wenye MS, kama nusu yao wakati fulani wa maisha, na mtu mwenye sonona hafikiri haraka hata kama ubongo wake ni mzima. Damu: tezi ya shingo na vitamini B12. Dawa: mmoja alikuwa akimeza oksibutinini kwa ajili ya kibofu, na dawa za aina hiyo hupunguza kumbukumbu. Daktari wake ameibadilisha. Bado hatujafundisha chochote na tayari kuna aliyepata nafuu.

Upimaji umetuchukulia muda kuliko nilivyotaka. Wenzetu wa nje hutumia BICAMS, seti fupi iliyopendekezwa mwaka 2012: kulinganisha alama na tarakimu, kujifunza orodha ya maneno, na kukumbuka michoro. Haizidi robo saa. Kile cha alama na tarakimu, SDMT, ndicho kinachonasa zaidi kasi. Juu ya karatasi kuna alama 9 na namba zake, chini kuna safu za alama tupu, na mtu anataja namba zake kwa sekunde 90. Vipimo hivi vina wenyewe, havitolewi kopi kienyeji. Na hata ukivilipia, viwango vyake vilipatikana kwa watu waliohesabu kwa Kiingereza, ambako karibu kila namba ni silabi moja. Sisi tunasema moja, mbili, tatu, zote silabi mbili. Ndani ya sekunde 90 hilo linakula alama.

Kwa hiyo tumechora karatasi yetu yenye alama zetu. Haitumiki kumtangaza mtu mgonjwa wala mzima. Inamlinganisha mtu na yeye mwenyewe, saa ile ile ya asubuhi, kabla na baada. Kwa SDMT halisi, tofauti ya kama alama 4 huchukuliwa kuwa na maana katika maisha ya mtu. Kwa karatasi yetu sidai kiwango.

Mizani ninayoiamini zaidi ni ya malengo, ile ya Kiresuk na Sherman ya mwaka 1968. Mtu anaeleza mwenyewe hali yake itakavyokuwa ikifikia alichotarajia, hiyo ni 0. Ikizidi, +1 au +2. Ikipungua, -1 au -2. Fundi: kupokea oda bila kumpigia mteja simu kuuliza vipimo upya. Mama wa Pongwe: kupika bila kuunguza. Mwalimu: kufuata kikao cha msikiti mpaka mwisho. Kijana wa mnada: kurudi kunadi samaki.

Hilo la mwisho limenikosesha raha.

Machi, ndani ya mfungo

Ramadhani imepunguza mahudhurio. Wengine wamepewa ruhusa ya kutofunga kwa ugonjwa na hawataki kuitumia. Mwalimu ni mmojawapo, na si kazi yangu kumbishia. Aliyeongea naye ni imamu wake pamoja na daktari, wakakubaliana afunge siku anazoweza na siku hizo asije darasani. Basi.

Waliokuja tumewaanzisha kwenye mbinu ya hadithi. Imetokana na kazi ya Chiaravalloti na wenzake wa Kessler Foundation, New Jersey. Matokeo yao ya mwaka 2013, kwa watu 86 wenye MS, yalionyesha kwamba waliofundishwa walijifunza maneno vizuri kuliko waliopewa mazoezi ya kawaida. Ni vipindi 10 kwa wiki 5. Vinne vya mwanzo ni kujenga picha akilini, vinne ni kuyaunganisha maneno yasiyohusiana kuwa hadithi, viwili vya mwisho ni kuyahamishia kwenye maisha.

Hapo Tanga haikuhitaji mwalimu kutoka New Jersey. Niliandika ubaoni: kiberiti, chumvi, barua, mbuzi, ngazi, sabuni, dawa ya mbu. Nikasema, "Hadithi, hadithi!" Wakajibu kwa pamoja, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mbuzi wa Mama wa Pongwe alipanda ngazi ya msikiti akiwa na barua mdomoni, akateleza kwa sabuni, akaangukia gunia la chumvi, akawasha kiberiti atazame jeraha, na mbu wote wa Makorora wakaja kumzomea mpaka akapakwa dawa. Wiki iliyofuata walikuwa nayo yote, pamoja na jina walilompa mbuzi, ambalo siliandiki kwa sababu ni la mwanasiasa.

Uongo ukizidi, picha inashika. Hadithi ya heshima, yenye mantiki, haikukaa.

Fundi kaongeza lake. Amezaliwa Ngamiani na anazijua barabara zake kwa namba, kwa hiyo shughuli za siku anazipanga humo: uzi mweusi uko kona ya Barabara ya 4, juu ya baiskeli, zipu zinauzwa na shangazi yake marehemu Barabara ya 8, kodi ya fremu imekaa mlangoni pa Barabara ya 12, imenuna. Anatembea kichwani, anaokota. Mama wa Pongwe hazijui barabara hizo, kwake tumetumia vituo vya daladala kutoka Pongwe mpaka mjini.

Aprili

Masika. Njia ya kutoka barabara kuu hadi darasani ni tope, kiti cha magurudumu hakipiti. Tumehamia WhatsApp kwa sehemu kubwa ya mwezi.

Imefaa kuliko nilivyodhani. Ujumbe wa sauti unarudiwa, na aliyeukosa mara ya kwanza hamwombi mtu radhi. Sheria yetu ni ujumbe mmoja, jambo moja. Sikumbushi, nauliza: jioni ile ile, kesho yake, kisha baada ya siku tatu, pengo likipanuka kila mara. Kujiuliza na kujibu hukaza kumbukumbu kuliko kusoma tena, na hilo limethibitishwa kwa watu wenye MS pia.

Mfadhili mmoja anataka tununue programu ya michezo ya ubongo kwenye simu. Nimemwandikia yale ninayoyajua. Mwaka 2017, kikundi cha mtafiti Charvet cha New York kiliwapa watu 135 mazoezi ya kompyuta nyumbani kwa wiki 12, na waliotumia programu inayojirekebisha kwa kiwango cha mtu walisonga zaidi ya waliocheza michezo ya kawaida. Mpango wao ulikuwa saa 60 kwa jumla. Nani hapa ana bando la kutosha saa 60? Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa CogEx, watu 311 wenye MS inayoendelea kuzidi, wiki 12 pia, mazoezi ya fikra yakichanganywa na ya mwili: mchanganyiko huo haukuwazidi waliopewa mazoezi ya kujifanya tu, yasiyokusudiwa kusaidia. Programu si uchawi. Fedha hizo ziende kwenye nauli.

Na ili nisionekane navutia upande wangu, nimemwekea pia utafiti wa CRAMMS wa Uingereza wa mwaka 2020. Watu 449, vikundi kama chetu, vipindi 10 vya kila wiki. Baada ya mwaka mmoja, athari ya ugonjwa kwa hali yao ya nafsi ilikuwa sawa na ya wasiohudhuria. Ila matatizo ya kumbukumbu ya kila siku yalipungua kidogo, kwa maelezo yao na ya jamaa zao. Naupenda utafiti huo kwa ukavu wake. Ndio uliofanya nikatae kuandika "kuboresha maisha" kwenye andiko la mradi. Sufuria isiungue, hilo naweza kuliahidi nikajibu.

Mei, Ngamiani

Nimekaa kibarazani kwa Fundi asubuhi nzima nikitazama. Mteja anaingia, anasalimia, anaanza kueleza mshono huku anatafuta picha kwenye simu. Redio inasoma magazeti. Mwanafunzi wake anauliza pasi iko wapi. Fundi ana futi shingoni, anapima bega, anaitikia, anapima kifua, anacheka, anapima urefu, kisha anafungua daftari. Daftari lilifunguliwa mwisho! Hapo hakuna kumbukumbu ya kulaumu. Vipimo vilipita wakati umakini umegawanywa mara nne.

Tumepanga upya pamoja, yeye ndiye aliyeamua mengi. Redio inazimwa mteja akiingia. Mteja akae kwanza, aoneshe picha, amalize. Kisha kipimo kimoja: Fundi anakitaja kwa sauti, mwanafunzi anakiandika na kukirudia kwa sauti, ndipo kinachofuata. Vitenge vinafungwa na karatasi ya vipimo pale pale, kabla mteja hajaondoka. Oda hazipokelewi baada ya adhuhuri.

Alihofia wateja watamwona mgonjwa. Imekuwa kinyume: mama mmoja kamsifia mbele yangu kwamba siku hizi anapima kama mafundi wa Kihindi wa zamani. Fundi akanikonyeza.

Mei, Deep Sea

Kijana aliniomba nije alfajiri nione mnada. Boti zinashusha, tenga linawekwa chini, bei zinarushwa kutoka kila upande, na mnadi lazima ashike ya juu, amwone aliyeitaja, aiseme, asikie ya mbele yake, yote kwa pumzi moja. Nikisema nitabuni kipimo cha kasi ya fikra kikali kuliko hiki, nitakuwa najisifu. Hakuna hadithi wala daftari litakaloipunguza kasi ya mnada, kwa sababu kasi ndiyo kazi.

Nilimwambia wazi, tukiwa tumekaa juu ya boti iliyopinduliwa. Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, nilijua. Nilitaka mtu mwingine aseme." Alishamkopa nduguye fedha mara mbili kufidia bei alizozikosea.

Lengo tumeliandika upya naye. Sokoni kuna kazi ya kutunza hesabu za tenga, nani kachukua ngapi na kalipa lini, ambayo hufanywa mnada ukishatulia. Tajiri wake amekubali ajaribu. Wenye mradi wengine wangeandika hapa kwamba lengo la kwanza halikufikiwa. Mimi naandika kwamba lilikuwa la mtu mwingine, yule aliyekuwa kabla ya ugonjwa.

Juni

Kikao cha jamaa. Nimewaweka waume, wake, watoto na wanafunzi wa kazi peke yao, wagonjwa wakipumzika nje. Nimewachezea rekodi ya habari iliyoharakishwa mara mbili, kisha nikawauliza maswali. Wakakasirika. Mume wa Mama wa Pongwe akasema, "Sasa wewe unatuonea," halafu akakaa kimya, akamtazama mkewe dirishani. Yaliyofuata yalikwenda yenyewe: sema jambo moja, ngoja, usijibu badala yake, usimwambie "nilikwambia jana."

Upimaji wa pili umekamilika, asubuhi, siku ya upepo. Karatasi ya alama na tarakimu: wengi walipo ndipo walipokuwa. Kijana kapanda, lakini sasa analala usiku, na siwezi kutenganisha kazi yetu na usingizi wake. Orodha ya maneno: wote wanahitaji marudio machache kuliko Februari. Malengo: Fundi +1, Mama wa Pongwe +2, kwa msaada wa kipima muda cha jikoni na stuli ya kukaa karibu na jiko, Mwalimu -1, kikao cha msikiti bado kinamshinda kikizidi nusu saa, ila imamu ameanza kutaja ajenda kabla na kuzirudia mwisho, Kijana 0 kwa lengo jipya.

Ya Julai: watu wawili, mmoja wa Muheza na mmoja wa Korogwe, wameomba kujiunga, na fungu la nauli halijajibiwa. Karatasi ya alama inahitaji kujaribiwa kwa majirani wazima wa umri na elimu tofauti, na Mwalimu amejitolea kuwaandikisha mtaani kwake. Nimemkabidhi daftari la kuandika na mjukuu wa kumsindikiza. Zile hadithi zinarekodiwa na Fundi, isipokuwa ya mbuzi, mpaka tumpatie jina jingine.